Mistari Miwili ya Macho Yako

Mama,

Nimechoka. Nilitaka kuanza na salamu nzuri, ila hiyo ndiyo habari yenyewe. Meza yako pale sokoni Gakoromone nimeishika mimi. Mafungu ya nduma ni yaleyale, wateja ni walewale, na wote wanataka niwaongezee kama ulivyokuwa ukiwaongezea. Jioni nafika nyumbani miguu inawaka moto. Penseli naiona juu ya kabati, naipita tu.

Unakumbuka nilivyoanza kujifunza kuchora zile katuni za Kijapani kwa video kwenye simu yako? Ulilalamika nakumalizia bando. Duara, mstari wa katikati, kidevu chembamba, halafu macho makubwa yenye mng'aro. Ukachungulia begani kwa binti yako ukasema, "Mwari, hawa watu wako wako na macho kama sahani, na bado hawaoni vyombo havijaoshwa." Kisha ukaanza kuwauliza ukoo wao. Yule mwenye nywele za buluu ukampa jina Kawira, ukasema lazima ametoka Kianjai, kwa maringo yale. Mimi nilinuna. Sasa natamani hata hizo kelele zako.

Kuna jambo limenisumbua. Siku ya kukuzika tuliweka mbele ya kanisa picha ya kitambulisho, ile umekaza uso kama umeitwa kwa chifu. Hatukuwa na nyingine. Za kwenye simu zote umefumba macho, kwa sababu ukielekezewa kamera ulicheka, na ukicheka macho yalipotea. Jumapili hii akina mama wa kikundi chako wanakuja nyumbani kwa maombi ya kukukumbuka. Mama Karimi, jirani yako wa meza ya nyanya, akaniambia, "Wewe si unajuanga kuchora? Tuchoree yeye. Hiyo ya kitambulisho hatutaki, hiyo si yeye." Nikakubali, halafu nikaogopa.

Nimekuchora wiki nzima. Nikikuwekea yale macho makubwa, unakuwa Kawira aliyefunga kitambaa. Nikiyafumba, mama, unakuwa vile nilivyokuona mara ya mwisho, ndani ya sanduku. Kila karatasi ilitoka hivyo. Nikaona bora nimwambie Mama Karimi sijui kuchora, basi.

Leo mchana mvua ikatukusanya chini ya turubai, hakuna mteja. Mama Karimi akawasimulia wenzake siku ile ulipomkimbiza mbuzi soko zima ukiwa na kiatu kimoja. Alicheka mpaka akajishika kiuno, nami nikamtazama macho. Yalikuwa yamefumba, lakini mstari wa kila jicho ulipinda kwenda juu, katikati umeinuka kama kilima. Wewe nilikuwa nakuchorea mstari unaolegea chini. Hivyo ndivyo anavyochorwa mtu aliyelala. Yule mwalimu wa kwenye simu alifundisha hilo mwanzoni kabisa, na nilikuwa nalijua. Ila tangu tukuzike mkono wangu ulikuwa unakulaza tu.

Nikararua upande wa katoni. Duara. Kidevu chako si chembamba, nikakiacha kinene. Kitambaa, na ile mistari miwili, safari hii imeinuka. Mama, ulicheka. Pale pale, kwenye katoni.

Mama Karimi akaichukua. Akauliza, "Sasa huyu anatuchekea nini?" Halafu akaanza kulia. Nami nikalia, sikuficha, na nduma zako zikanyeshewa mpaka mtu mwingine akazifunika. Jumapili utakaa mezani pale nyumbani mbele yao, na ya kitambulisho nimeirudisha kabatini.

Pumzika, mama. Mimi bado nimechoka, na kesho ni soko. Lakini penseli sasa inakaa kwenye mfuko wa aproni yako, na nakuahidi hivi: sitakuchora tena ukiwa umelala.

Mwari wako.