Boksi la Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Nimeua mtandao wa nyumba. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa ajili ya redio!

Mechi ilikuwa inaanza. Tundu la umeme lililo karibu na kiti changu lilikuwa na waya wa boksi la shemeji — fayawoli, lile boksi jeusi linalokaa kati ya nyumba yetu na mtandao, kukagua kinachoingia na kinachotoka. Alilitengeneza mwenyewe. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, tunaishi naye. Miaka ishirini alifunga mitandao ya shule na maofisi. Mwezi wa tisa akapatwa na kiharusi, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote isipokuwa moja: kumbe. Njaa, kumbe. Mgeni, kumbe. Anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki.

Leo aliponiona nashika waya alisema, "Kumbe! Kumbe!" Nikamjibu, "Ndiyo shemeji, mechi inaanza." Ndivyo nilivyo, namalizia watu maneno. Nikavuta. Boksi likaja na waya wake, likaanguka sakafuni, puu! Nimelirudisha kwenye rafu, nimelichomeka. Taa moja ya kijani. Mtandao hakuna.

Alikuwa ananikataza. Nimeona haya. Hata mechi imeishaje sijui.

Jumatatu, 4 Machi

Ubaya wenyewe ni huu: shemeji ana somo la kuongea, Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni. Mwalimu wake yuko mbali, wanaonana kwa kompyuta. Ameshakosa mawili kwa mafua. Nimempigia mwalimu. Kasema kwa upole kwamba Jumatano atavumilia, ila Jumamosi asipoonekana nafasi inakwenda kwa mwingine. Kupata nyingine ni mwezi wa nane.

Kwa simu tumejaribu. Picha inaganda, na somo lenyewe ni kutazama mdomo wa mwalimu. Kampuni ya mtandao inasema mtu wao atafika baada ya siku kumi. Kumi!

Mke wangu hakugomba. Hilo ndilo linanitisha.

Lakini mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya simu miaka thelathini na mmoja. Boksi halina skrini, ila lina tundu la konsoli: unachomeka waya, upande wa pili kompyuta, nalo linakuandikia linaumwa nini. Nimemwambia mke wangu, kazi ya dakika tano hiyo.

"Kumbe," akasema shemeji. Sikuipenda ile sauti.

Jumanne, 5 Machi

Kimya. Skrini nyeusi kutwa nzima.

Waya wa konsoli nimeukuta kwenye droo ya shemeji, ndani ya pakiti yake. Mimi nikaongeza kigeuzi changu, kile kipande kinachopishanisha nyaya. Sheria ya kwanza ya kazi yetu: waya wa kusema wa huku uende kwenye waya wa kusikia wa kule. Usipogeuza, wote wanasema kwenye waya mmoja na hakuna anayesikia. Kigeuzi hicho ninacho tangu ujana, hakijawahi kuniangusha.

Nimebadilisha adapta. Nimebadilisha kompyuta. Kimya. Nikatangaza mezani kwamba boksi limekufa. Shemeji akaweka kijiko chini, akainuka, akaenda chumbani kwake.

Jumatano, 6 Machi

Saa kumi imepita. Shemeji alikaa mbele ya kompyuta isiyo na mtandao amevaa shati la kupigwa pasi. Alikaa saa nzima, muda wote wa somo. Sikuweza kumtazama.

Baadaye mke wangu akaja, futi ya kupimia shingoni (yeye ni fundi cherehani), akataka nimweleze. Nikaeleza, kwa maringo kidogo, habari za kugeuza waya. Akaiokota ile pakiti. Nyuma kuna mchoro.

"Si hapa umechorwa umeshageuzwa?"

"Ndiyo, lakini—"

"Na wewe umeugeuza tena. Mimi nguo nikiigeuza mara mbili, inarudi upande ule ule."

Miaka thelathini na mmoja! Nimekitoa kigeuzi. Papo hapo skrini ikajaa — takataka, mabano, alama za kuuliza, vidoa. Lakini linasema! Niliruka nikagonga goti mezani.

Takataka maana yake mwendo wa kusemezana haulingani. Mimi nilikuwa kwenye 9600, mwendo niliozeekea. Nikapunguza: 4800. Nikapunguza: 2400. Nikasikia kitu nyuma yangu. Shemeji anacheka! Bega linatikisika, machozi yanamtoka. Tangu mwezi wa tisa sijamsikia akicheka. Akanyoosha mkono wa kushoto, akalipindua boksi tumbo juu. Chini kuna karatasi ya gundi, na kwa mwandiko wake mwenyewe: 115200.

"Kumbe!" nikasema mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Maneno yametoka safi. Betri ya saa imekwisha, limesahau mipangilio ya kuwaka, bonyeza F1 kuendelea. Basi! Tangu Jumapili linangoja mtu abonyeze kitufe kimoja, nami nimeshalitangazia msiba.

Betri yenyewe ni kidonge tu, nimeinunua kwa fundi saa. Nimefungua parafujo nne, nimeiweka. Boksi likaamka, mistari ikamiminika. Shemeji alikuwa anaifuata kwa midomo, bila sauti.

Halafu tukakwama. Tundu linalopokea waya wa kampuni limepinda — kazi yangu ya Jumapili hiyo — na vijipini vyake viwili vimevunjika. La pembeni yake ni zima. Inabidi kuliambia boksi litumie hilo. Na ili liambiwe, linataka neno la siri.

Neno hilo analijua mtu mmoja duniani.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nimemleta fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma. Akasema tufute kila kitu tuanze upya, nusu saa. Nikauliza, na zile namba za kuingilia tulizopewa na kampuni ya mtandao, zilizomo ndani? Akakuna kichwa. Zitafutika, itabidi tuziombe tena kwa kampuni. Siku kumi zile zile! Shemeji alikuwa ameshaweka kiganja juu ya boksi. Fundi akamwinamia, akamwuliza neno la siri kwa kupiga kelele, kana kwamba ni kiziwi. Mke wangu akamwonyesha mlango.

Mchana nikamwandikia shemeji herufi kwenye karatasi, aonyeshe kwa kidole. Akaonyesha moja, akatikisa kichwa. Nyingine, akatikisa. Nikamsaidia. Jina la mama? La shule? Mwaka uliozaliwa? La mbwa wenu yule? Akafumba macho.

Mke wangu aliniita jikoni. "Unamrushia maneno kama mahindi kwa kuku. Mwalimu alisema mpe sekunde kumi. Baba watoto, umewahi kumpa hata tatu?"

Sijawahi. Nimekaa nikakumbuka, na sijawahi.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tisa na dakika ishirini. Naandika haya hapa hapa mezani. Mke wangu kaninyang'anya kibodi, kanipa daftari hili ili mikono yangu ipate kazi na mdomo wangu ufungwe.

Wazo ni lake. Anasema anaposhona hafikirii sindano iende wapi, mkono unajua. Shemeji ameandika neno hilo kila siku kwa miaka minne. Tusimwulize. Tumpe kibodi.

Amevaa lile shati tena. Boksi liko kati yetu, waya mmoja tu, bila kigeuzi. Jina la mtumiaji nimeliandika mimi. Sasa linauliza neno la siri.

Saa tisa na ishirini na saba. Kidole cha kushoto kimegusa. Skrini haikuonyesha kitu — neno la siri halionekani likiandikwa, hata nyota haziji. Kagusa tena. Tena. Kabonyeza kuingiza.

Si sahihi.

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanitazama. Nikaufunga.

Saa tisa na thelathini na tano. Mara ya pili. Si sahihi. Shemeji kapiga meza kwa kiganja. "Kumbe," kasema, polepole, na nilijua ni tusi.

Nimemwambia kitu kimoja tu. Nimemwambia nisamehe, shemeji, Jumapili ulikuwa unaniambia nisichomoe. Kaniangalia. Halafu kafanya jambo sikulitegemea. Kaushika mkono wake wa kulia, ule uliolala, kauinua kwa wa kushoto, kauweka juu ya kibodi mahali pake, kama zamani. Kafumba macho.

Saa tisa na arobaini na moja. Mkono wa kulia hauandiki. Lakini kila unapotakiwa kugusa, bega lake linashtuka, na kidole cha kushoto kinakwenda pale pale kufanya kazi yake. Hajasita kama mwanzo. Herufi ya nne. Tano. Sita. Midomo inakwenda.

Natazama skrini, sioni kitu. Hii ni mara ya kwanza anasema jambo nami sina la kumalizia. Nimebaki kungoja tu.

Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kidole kimesimama hewani.

Saa tisa na arobaini na sita. Mwalimu ataanza kutungoja baada ya robo saa hivi. Mke wangu anahesabu zile sekunde kumi kwa kunong'ona. Nne. Tano. Shemeji kafumbua macho, anakitazama kitufe cha kuingiza, kisha ananitazama mimi.

Sisemi. Sisemi kitu.

Saba. Nane —