Kuchavusha Maboga ya Mama

Dada mpenzi,

Pokea salamu zetu za upendo, wewe na shemeji na watoto. Kikohozi cha shemeji kimepoa? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anacheka, na bado ananigombeza kama mtoto wa chekechea.

Joto tu ndilo halina adabu. Misimu miwili maboga ya Mama yalichanua, kisha vitoto vyake vikanyauka na kudondoka. Mbegu zilibaki kiganja kimoja, na unajua aina ile haiuzwi dukani. Sisi tulisingizia udongo. Bibi shamba alipokuja akasema nyuki ndio hawapo: joto limewazidi, na msitu walimokuwa wakiishi tumeumaliza kwa mkaa. Alisema moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima umechangia, ila na shoka letu pia limo. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza miche ya miti inapatikana wapi.

Basi tukafundishwa kazi ya nyuki: unachuma ua dume, unapaka unga wake wa njano ndani ya ua jike. Wiki nzima nilipaka kwa bidii na kujitapa kwa majirani. Bibi shamba aliporudi akaniuliza kwa upole mbona napaka dume kwa dume. Jike lina kiboga kidogo nyuma yake, nami sikuwa nimetazama huko. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Tangu hapo naamka kabla jua halijakolea, maana maua hufunga mapema. Yameshika, Dada. Mbegu za Mama zimepona. Mwakani sijui, kwani tunaambiwa joto litazidi, na miche tuliyopanda kule mlimani palipokuwa na msitu bado inanifika magotini.

Sasa vuta kiti. Ile kazi ya ghala la rangi uliyonihangaikia, siji. Najua umewapigia watu magoti kwa ajili yangu, na naona aibu kukuandikia hivi. Usimlaumu Mama. Yeye ndiye aliyenifungia begi, akadai macho yake, ingawa yamefifia, yatatosha kwa kazi ya maua. Hayatoshi, lakini hata yangetosha nisingekuja. Nina furaha huku, na sikujua kama ningeipata.

Msalimie shemeji, na watoto wote. Ukikasirika ni haki yako. Ila usinitafutie kazi nyingine, hii ninayo.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba