Korongo Kapimwa Damu, Nyemo Bado

Ujerumani, wakati wa baridi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi nipo, baridi inanitafuna miguu lakini kazi naiweza. Natumaini kifua chako kimetulia na ng'ombe wanapata malisho. Barua ya Mama, ile aliyoandikiwa na mwalimu, imefika. Niliisoma nikakosa hamu ya kula.

Anasema mdogo wangu Nyemo amerudi hapo nyumbani na mimba, na kila siku anabomoa kichuguu nyuma ya zizi anakula udongo wake. Viganja vimekuwa vyeupe. Akienda kisimani anakaa njiani kupumzika. Na wewe Baba umesema: "Mjamzito gani asiyekula udongo? Mwacheni."

Sasa sikia. Huku natunza korongo wenye taji katika bustani ya wanyama. Ni wa kwetu kabisa, walikamatwa wakauzwa nje tangu biashara ya kuuza ndege wa porini ilipofunguliwa. Juzi mmoja alianza kudonoa chokaa ya ukutani. Nikamtania, "Na wewe una mimba?" Daktari wao hakucheka. Nilimshika mbawa, yeye akamtoa damu ikapelekwa maabara.

"Kiumbe akila ukuta," aliniambia, "mwili wake unatafuta kitu."

Majibu yakaja kwamba damu imepungukiwa madini, na siku hiyohiyo chakula chake kikabadilishwa. Nilijifungia stoo nikalia kwa hasira. Korongo wa kwetu ana daktari wake, mdogo wangu ana kichuguu.

Nilimuuliza daktari huyo kuhusu Nyemo. Akasema yeye ni wa wanyama tu, lakini mjamzito mwenye viganja vyeupe apimwe damu upesi. Huenda amepungukiwa madini ya chuma, na udongo unaweza hata kumzidishia upungufu huo.

Usiniambie ni mke wa watu, wakwe ndio wampeleke. Wakwe nao wanasema yuko kwa baba yake. Kwa hiyo nani ampeleke, mimi niliyeko huku nashika mbawa? Funga punda kwenye mkokoteni, mfikishe hospitali ya Mvumi.

Nisalimie Mama; yeye sina kinyongo naye, angalau aliniandikia. Wasalimie shangazi mfinyanzi, mjomba anayechunga ng'ombe wetu, na mwalimu anayekusomea haya. Asiruke hata neno moja.

Mwanao mwenye uchungu,
Ndahani

Ukijibu, usianze na mvua wala mifugo. Anza na damu ya Nyemo.