Maganda Yaliyozoea Bunduki Yako

S.L.P. 41,
Judith Gap, Montana.
12 Novemba 1986

Mpendwa mwanangu Loren,

Hujambo huko Virginia? Kile kikohozi kimeisha, au bado unalala dirisha likiwa wazi? Mkeo Patrice hajambo? Na mtoto ameshaota jino la pili? Mniambie kila kitu, hata kile mnachodhani kitanitia wasiwasi, maana nisipoambiwa ndiyo nawaza makubwa zaidi. Sisi wazima. Theluji ilianguka ikayeyuka, ng'ombe wameshashuka kutoka mlimani, na goti langu linauma kama kawaida yake.

Sasa nikueleze habari za baba yako, na usishtuke, hajalala kitandani.

Unajua mikono yake inavyotetemeka tangu mwaka jana. Hataki itajwe. Msimu huu wa kuwinda alisema bunduki yake aichukue dada yako Jolene, yeye atabaki kutengeneza risasi tu, kwa kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Yako ipo kabatini ulipoiacha, anaipaka mafuta mwenyewe.

Basi wakati wa kiangazi akaingiwa na jambo la kalibu, kile chuma chenye tundu cha kurudishia maganda umbo. Ile ya zamani, ukisukuma ndani yake ganda lililokwisha kupigwa, inalibana mwili mzima, na likibanwa hivyo mara kadhaa linapasuka. Yeye akataka ibane shingo tu, pale panaposhika kichwa cha risasi, na mwili uachwe ulivyotoka kwenye bunduki. Akaenda nayo kwa jirani yetu Emmett Skaar mwenye mashine ya kukereza vyuma, wakapanua tundu lake upande wa chini. Nilikuwepo, niliwapelekea kahawa. Emmett akasema, "Arvid, tumeharibu kalibu iliyokuwa nzima kabisa." Baba yako akamjibu, "Haijaharibika. Imefundishwa adabu." Walicheka kama wavulana. Sikuwa nimemwona hivyo tangu daktari aseme aliyoyasema.

Shida ya mtindo huo unaijua kuliko mimi. Ganda likibanwa shingo tu, linabaki na umbo la bunduki iliyolipiga. Yako ni pana kidogo ndani kuliko ya baba yako, ingawa zote zinatumia risasi za jina moja. Ganda lako haliingii kwenye yake, kwa hiyo akawa na makopo mawili ya risasi, lako na lake.

Siku ya kufungua msimu alimpa Jolene kopo lako.

Dada yako alikuwa juu ya korongo, kulungu dume amesimama mbele yake, akasukuma komeo la bunduki likagoma katikati. Akalipiga kwa kiganja. Likakwama, haliendi mbele wala halirudi nyuma, na risasi nzima imo ndani. Alirudi kwa miguu, mtutu ameuelekeza ardhini, akaingia getini anatembea kama aliyebeba bakuli la supu ya moto. Mimi nilijificha nyuma ya friza, sioni haya kukuambia.

Baba yako akamuuliza, "Umelilazimisha?"

"Kidogo, baba."

"Kidogo chako nakijua."

Akalifungua taratibu kwa kuligonga na kipande cha mti, mtutu ukielekea kwenye rundo la mchanga. Akaitazama ile risasi, akalitazama kopo. Jolene, unavyomjua, akatania, "Si kitu, yule kulungu alikuwa mzee, nyama yake ingetung'oa meno." Baba yako hakucheka. Akaweka kila kitu kwenye boksi, baruti, mizani, kalibu na yote, akampigia Emmett simu aje achukue. Emmett, Mungu ambariki, akasingizia gari bovu.

Tangu hapo akawa mtu wa kukaa dirishani. Soseji anaziacha kwenye sahani. Nikimuuliza, anasema hana neno. Lakini nimeishi naye, Loren. Hakumlilia kulungu. Anaogopa kwamba kichwa kinafuata mikono. Na mimi naogopa pia. Sijui kama alichanganya makopo kama mtu yeyote anavyoweza kuchanganya, au ndiyo mwanzo wa jambo. Tutamwona daktari mwezi ujao.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikalitoa boksi, nikaifunga kalibu kwenye mashine yake, nikachukua ganda lako moja tupu na kuvuta mkono wa mashine. Mimi, ninayeogopa hata kiberiti. Likanasa. Nikamwita.

Akaja akaangalia. "Mama Loren, hukupaka mafuta ndani ya shingo."

"Ningejuaje? Hukuwahi kunifundisha."

"Miaka yote ulikuwa unanifukuza humu."

"Leo sikufukuzi. Nifundishe."

Alininung'unikia mpaka wakati wa chakula, eti navuta kama ninayekamua ng'ombe mkorofi, eti mafuta ninayopaka yangetosha kukaangia samaki. Nilifurahia kila neno. Mikono ilimtetemeka, lakini kazi ya kubana shingo haihitaji mkono uliotulia sana, kalibu yenyewe inaongoza. Jana Jolene akaja kupima baruti, baba yako amesimama nyuma yake akimkosoa. Mizani hakuigusa, na hakuna aliyemwambia aiguse. Mimi nikapaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako cha kila ganda lako. Alipoona akasema, "Rangi mbaya, lakini inaonekana." Jioni alimaliza sahani yake.

Sasa ombi langu. Msimu unafungwa Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu. Najua ni mbali, na bosi wako ni mgumu. Mpigie baba yako simu. Muulize kama risasi zako ziko tayari, muulize kama mtu anayezihitaji kweli, na usimwambie nimekuandikia. Yeye hatakuomba uje, hata akitamani vipi. Kwa hiyo naomba mimi.

Zipo mezani, kopo limejaa. Haziingii kwenye bunduki aliyonayo Jolene, wala ya Emmett, wala ya mtu mwingine hapa. Usipokuja wewe, hakuna wa kuzipiga.

Nisalimie Patrice na umbusu mtoto kwenye mashavu yote mawili. Jolene anakusalimu, anasema kulungu wa safari hii ni wake, wewe utabeba tu. Emmett pia anakusalimu. Mungu awaondolee barafu barabarani, awafikishe salama.

Ni mimi mama yako, nisiyeacha kukuwaza,

Verna