Sauti ya Nyota za Mwalimu

Jumanne, 4 Machi
Tumezipata! Nyota mbili za Mwalimu, mzee aliyenifundisha kazi hii – vibete vyeupe, nyota zilizokufa zinazozungukana, alizozipima mwanga tangu ujana wake – zimejitokeza kwenye data. Mawimbi ya mvutano, mitikisiko ya anga inayotokana na kuzungukana kwao, kwa masafa yaleyale ya mtikisiko aliyotabiri. Huko juu maelfu ya jozi za nyota zinavuma kwa pamoja, kama ukumbi wa harusi, lakini yake inasikika. Mkuu wa maabara kasema tufunge midomo mpaka atamke yeye. Kila mwaka hutupandikizia ishara bandia kwa siri, aone kama tunajidanganya. Najua. Lakini hii siyo. Haiwezi kuwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Mwalimu. Ningefanyaje? Daktari ameshamwambia mkewe awaite watoto. Mzee amebaki mifupa na utani – kauliza mbona nimechelewa, mbona nyota zake hazikuchelewa. Nimemwahidi nitayageuza mawimbi yawe sauti, ayasikie mwenyewe. Akalia. Nami nikalia. Muuguzi akadhani kuna msiba, akaja mbio.

Ijumaa, 7 Machi
Bandia.
Mkuu ametamka kikaoni, kwa upole, kikombe cha chai mkononi. Alichagua jozi ya Mwalimu makusudi, kwa kuwa ndiyo tunayoitamani. Tukaingia kichwa kichwa. Nikauliza, tukiiondoa, chini yake kuna nini? Mvumo tu, akajibu. Huenda jozi yenyewe imo, huenda haimo. Tungoje data ya mwaka mwingine.
Mwaka! Mwalimu hana hata wiki. Maji yakimwagika hayazoleki. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Niko wodini, kando ya kitanda. Mwalimu amelala. Ameshawatangazia wote habari za nyota zake: daktari, mfagiaji, mgonjwa wa kitanda cha pili. Mkewe alinivuta koridoni, akanishika mikono miwili. "Mwanangu, tangu Jumatano hajaomba dawa ya maumivu. Mungu akubariki." Nilitaka kumwambia. Badala yake nikarudi kitandani kwa Mwalimu.
Kwenye simu nina sauti mbili. Ya bandia ni noti moja safi, haitetereki. Ya kweli ni mvumo mtupu. Na ni yeye aliyenifundisha nisimpe mtu namba nisiyoiamini. Sijui nifanye nini. Kweli sijui.
Ameamka. Ananiona naandika, anasema nimalize tu, nyota hazina haraka. Hedifoni ameshavaa, anangoja nibonyeze –