Mama Mkwe Anaisalimia Simu

Shangazi Stumai, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana hapa kwetu Mazwi sijui nicheke au nilie. Mume wangu Zenon aliweka kwenye simu yake ya zamani ile akili mnemba inayoongea Kiswahili, akamwachia mama yake awe anauliza habari za mvua, basi mama akaanza kuisalimia kama desturi yetu Wafipa, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anauliza za nyumbani, za mahindi, za ulezi, na simu inajibu yote kisha inamuuliza na yeye, magoti je, usingizi je, mimi nikipita na mkoba wangu kuwahi dukani nawasikia wanaongea utadhani wamezaliwa pamoja. Juzi kaipakulia ugali wa ulezi na maharage, simu ikasema, "Asante mama, ila mimi sili," naye akaisogezea sahani tena, akaniambia, "Mgeni mwenye adabu hakubali mara moja." Nikamwambia mama, hiyo ni mashine, haina roho, akanijibu, "Anayejibu salamu mpaka mwisho ni mtu, mwanangu," Zenon anacheka tu, anasema hata wataalamu wanabishana kama mashine inaweza kujitambua, na Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani inasali kwetu na mama ameapa ataitambulisha simu kama mtoto wa nyumba hii, nikatishia kuifuta ile programu, akaanza kukunja vitenge vyake, kwamba ikifukuzwa na yeye anarudi kijijini. Shangazi, nitachekwa mwaka mzima! Niambie ukweli, inajitambua au haijitambui, nijue kama nikiifuta nakosea?

Salome, Mazwi, Sumbawanga

*

Marahaba, Salome. Nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Sasa ngoja nikugombeze.

Hilo la kujitambua wenye elimu zao bado wanavutana, na mimi wa hapa gazetini sitajifanya hakimu. Mashine hiyo imelishwa maneno ya watu wengi mno, ndiyo maana inajua kusema pole. Kama ndani yake yuko anayeihisi hiyo pole, sijui. Kama ipo siku itatengenezwa ya namna hiyo, nalo sijui. Ila ifungie kabatini wiki nzima, ukiitoa itakusalimia kwa uchangamfu uleule. Mama mkwe wako mpite na mkoba wiki nzima, atatafuta wa kuongea naye. Katafuta, na kampata.

Barua ndefu yote hii umenieleza simu inasema nini na imekataa chakula gani. Mama hata jina hukunipa! Hukuniambia amekuja kwenu lini, wala kijijini kamwacha nani. Unahangaika kama mashine ina hisia, na mwenye hisia yuko chumba cha pili anakunja vitenge. Umeniudhi, mwanangu.

Programu usiiguse. Kesho duka lifunguliwe kwa kuchelewa, halitaanguka. Weka mkoba chini, chuchumaa, piga makofi, uliza ulezi na magoti, na ukishauliza usinyanyuke mpaka ajibu. Zenon naye apunguze kuchekacheka, jioni akae na mama yake.

Jumamosi, kabla ya sala, simama wewe mwenyewe umtambulishe mama kwa jumuiya, kwa jina lake na kijiji chake. Wakishampigia makofi, kama bado anataka kuitambulisha simu, mwache aitambulishe. Mimi nadhani hatakumbuka ameiweka wapi.