Neno Alilolisema Kibiriti Dirishani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Tarehe 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Nianze kwa kukuomba radhi. Sauti yako nimeisikia katika simu mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa ya kunilaumu, nami sikujibu. Lawama hiyo naipokea. Nilinyamaza kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado linachemka, nami sina mazoea ya kusimulia jambo ambalo sijaliona mwisho wake. Mwisho wake mpaka leo sijauona, lakini naona kimya changu kinakufanya uwaze mabaya kuliko yaliyopo. Kwa hiyo nimekaa kuandika.

U hali gani huko? Kifua chako kimetulia? Ulisema kwamba baridi ikianza hukushika usiku, na kwamba kazi yako ya kutengeneza lifti hukuweka saa nyingi katika mashimo ambayo hayana joto hata kidogo. Vaa sweta mbili. Usinicheke; mtu hafi kwa kuonekana mnene.

Mimi ni mzima. Miwani nimebadilisha, na sasa naona vizuri hata yale ambayo nisingependa kuyaona, kama vile ubao wa muuza vifaa vya ujenzi aliyeandika "sementi inapatikana hapa kwa bei poa sana sana". Watoto wa mtaa bado wananiita Bi Koma. Nikitoka nje kuwakemea, wananijibu kwa heshima zote kwamba wao wanataja alama ya uandishi tu.

Sasa nije kwa binti yako, Kibiriti wetu.

Katika simu ile ya mwisho uliyaita masomo yake "kozi ya kupanga makaratasi", ukasema kama ni hospitali basi heri angesomea uuguzi. Nakuomba usilirudie neno hilo, hasa akiwa anasikia. Anasomea stashahada ya utawala wa huduma za afya, na amebakiza muhula mmoja tu. Nimeishi naye muda wote wa masomo hayo, kwa hiyo nayajua kidogo. Amefundishwa kupanga zamu za watumishi, kutunza kumbukumbu za wagonjwa na siri zao, kushughulika na watu wa bima, na kujua kila asubuhi kitanda kipi kina mtu na kipi ni kitupu. Siku moja alitandaza karatasi kubwa juu ya meza yangu ya kulia chakula, akachora njia ya mgonjwa kutoka getini mpaka anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Akaniuliza kama ni mimi ningechokea wapi. Nilimwonyesha. Akafuta, akachora upya, akaweka benchi pale nilipochokea.

Majirani wao waliamini kwamba anasomea udaktari. Fundi viatu wa hapa mbele alikuja akapandisha suruali, akamwonyesha goti lake na kumwomba dawa. Kibiriti akamwambia, "Baba, goti mimi silijui. Ninachokijua ni foleni utakayoipanga." Fundi akamjibu kwamba hilo ndilo la maana, kwa kuwa goti limemuuma miaka yote bila kumshinda, ila foleni ndiyo humrudisha nyumbani kabla hajatibiwa. Tangu hapo huja kumuuliza aende siku gani na aanzie mlango upi.

Nakueleza hayo ili ujue kwamba alikuwa akiyapenda masomo yake, na kwamba alikuwa akiyaweza. La pili hilo hata katibu wa hospitali alinithibitishia.

Muhula uliopita chuo kilimpeleka kufanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali kubwa ya hapa, akawekwa kwenye dirisha la mapokezi. Huko wodini alikuwamo seremala mmoja, mtu mzima, aliyekuwa akiugua ini. Maumivu yalikuwa yamemnyima usingizi kabisa. Mkewe alikuwa akifika dirishani kabla ya saa za kuona wagonjwa, na kila alipofika aliuliza jambo hilo hilo moja: amelala? Kibiriti alikuwa akipiga simu wodini, kisha akimjibu kwamba bado. Wakazoeana. Mama yule alikuwa akimwita mwanangu.

Asubuhi moja simu ililia kutoka wodini. Muuguzi wa zamu alisema, "Mzee wa kitanda cha mwisho amepumzika. Mkewe akija, usimwache asimame hapo." Kisha akakata, kwa maana alikuwa peke yake na wodi imejaa.

Mdogo wangu, wewe na mimi tumezaliwa ndani ya lugha hii. Soma tena maneno hayo ukiwa umekwisha kujua, kisha yasome ukiwa msichana ambaye kwa wiki nzima amekuwa akiulizwa kama mzee fulani amepata usingizi. Muuguzi hakutaka kulitaja neno la msiba mbele ya wagonjwa waliokuwa wakimsikiliza, akatumia lile tunalolitumia sote kwa heshima ya marehemu. Aliposema mke asiachwe asimame hapo, alikuwa na maana kwamba apandishwe juu, aketishwe kitini, daktari azungumze naye. Kibiriti akaelewa kwamba mama wa watu asichoshwe bure kwa kusubiri.

Mke wa seremala alipofika, Kibiriti hata hakumpa nafasi ya kuuliza. Alimwambia kwa furaha, "Mama, leo amepumzika. Nenda nawe ukapumzike, urudi jioni." Mama yule naye akaelewa kama alivyoelewa yeye. Alimshukuru, akamshika mkono kupitia kwenye tundu la kioo, akaondoka.

Akarudi jioni na chupa ya uji. Alipanda wodini moja kwa moja, akakuta kitanda cha mwisho kimevuliwa shuka na godoro limekunjwa. Mwili ulikuwa umekwisha kuhamishwa. Muuguzi wa mchana alidhani mke aliarifiwa tangu asubuhi na kwamba amekwenda kuwaita ndugu. Ndiyo maana hakuna aliyemtafuta. Mama alishuka ngazi, akaja dirishani, akaiweka chupa ya uji juu ya kaunta. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, uliniambia amepumzika."

Hayo alinisimulia Kibiriti akiwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, viatu bado miguuni. Tangu siku hiyo hakurudi hospitalini wala chuoni. Mwanzoni alikuwa hali chakula. Sasa anakula, anafua, anafagia uwanja, anamsaidia fundi viatu kuandika anwani za wateja wake. Kicheko chake kile cha kuwaka ghafla, ambacho ndicho kilichokufanya umpe jina hilo, sijakisikia tena.

Nilikwenda hospitalini kuonana na katibu. Nilivaa gauni langu la mikutano, nikamweleza kwa utaratibu kwamba neno lile lina maana mbili zinazokubalika, kwamba msichana alilifikisha kama alivyolipokea, bila kuongeza wala kupunguza, na kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kusema sentensi iliyo sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hakuna anayeadhibiwa. Lakini dirisha liko pale pale, na leo kuna mtu mwingine amesimama mbele yake."

Akanitolea ukurasa mmoja ambao Kibiriti aliuandika jioni ile ile kabla ya kuondoka, akauacha mezani kwake. Mimi sikuwa na habari nao. Alikuwa amependekeza kwamba habari ya kifo isipitie kwenye simu ya dirishani hata kidogo. Kwamba muuguzi ashuke mwenyewe au amtume mwenzake. Kwamba jamaa wa marehemu aingizwe katika chumba kile kidogo chenye viti, kilichokuwa kikiwekewa mafagio. Na kwamba baina ya watumishi wenyewe litumike neno "amefariki" na si jingine lolote. Katibu alisema kwamba mafagio yamekwisha kuondolewa. Muuguzi wa asubuhi ile ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukubali utaratibu huo, naye amemtumia binti yako salamu.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Kibiriti kwamba nimemtetea, na kwamba nimethibitisha kuwa hakukosea, maana neno lilikuwa sahihi. Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Shangazi, najua lilikuwa sahihi. Ndiyo maana lilipita. Lingekuwa na kosa, ningeuliza."

Nimefundisha sarufi maisha yangu yote, mdogo wangu. Niliketi kando yake, nikamsaidia kuchagua mchele.

Sasa mambo yamefikia hapa. Chuo kimemwekea nafasi yake. Katibu amempa njia mbili za kumalizia mafunzo yake: ama aende stoo ya vifaa, ambako atahesabu glavu na mashuka wala hatasema na jamaa wa mgonjwa yeyote, ama arudi kwenye dirisha lile lile ausimamie utaratibu alioupendekeza mwenyewe. Njia ya tatu ni yako wewe: aache kabisa, umtafutie kazi ya dukani huko uliko. Naye amekwisha kuniuliza kama pasipoti yake bado inafaa. Kwa hiyo usidhani kwamba ombi lako halikumwingia. Limemwingia, nalo ndilo rahisi kuliko yote.

Unataka kujua rai yangu. Nitaisema mara moja tu. Stoo ina watu wengi wa kuiweza. Dirishani pale anahitajika mtu anayejua uzito wa jambo analolisema, na huyo wamekwisha kumpata, ijapokuwa kwa gharama ambayo haikulipwa na yeye bali na mke wa seremala. Hata hivyo sikumwambia arudi. Mtu aliyerudishwa pale kwa amri ya shangazi yake atawaogopa watu, na mtu anayewaogopa watu hukimbilia kusema maneno laini. Nawe nakuomba jambo moja kwa ukubwa wangu kwako: usimpigie simu kumwamuru. Kama utapiga, muulize amekula nini, mwambie kuhusu lifti zako, basi.

Kuna jambo jingine la juzi. Mke wa seremala alimtuma mlinzi wa geti la hospitali kusema kwamba anataka kumwona yule msichana wa dirishani, na akaeleza nyumba ilipo. Hakusema anamwitia nini. Kibiriti alikaa na habari hiyo kutwa nzima. Leo asubuhi amenieleza kwamba atakwenda, na kwamba hataamua neno lolote juu ya chuo mpaka awe amemsikiliza mama yule. Nilimwambia nitafuatana naye. Akasema, "Hapana, Shangazi. Nikienda nawe utanisahihisha mbele ya mwenye msiba."

Nilikasirika kidogo, kisha nikampigia pasi gauni lake. Aliniuliza mara moja tu aanze kwa kusema nini akifika mlangoni. Nilimwambia abishe hodi, ampe pole, kisha anyamaze, amwache mwenye nyumba aseme. Ametoka muda si mrefu. Chai niliyomwekea ameiacha mezani bila kuinywa.

Kwa hiyo naandika haya bila kujua atarudi na uso wa namna gani. Inawezekana mama yule anataka kumsamehe, na inawezekana anataka kumwambia machoni yale ambayo siku ile hakuyasema. Ana haki ya yote mawili. Ninachokijua ni kwamba mtoto uliyemkabidhi kwangu amekwenda kusikia mwenyewe, kwa miguu yake, bila mtu wa kumtafsiria.

Nisalimie mkeo, umwambie kitambaa nilikipata na kinanitosha. Nisalimie pacha wako huko bandarini mtakapoonana, na binamu yetu kinyozi, umwambie asidhani nimesahau kwamba alinikata simu. Mama mdogo anakusalimu. Masikio yamemwishia lakini kila mara anauliza unarudi lini. Fundi viatu naye anasema umletee soli za huko, eti haziishi.

Mungu akulinde katika mashimo yako hayo na akushushe salama kila unapopanda. Ampe na binti yako leo ulimi mzito na moyo mwepesi.

Akishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo. Akirudi dirishani, nitaandika kwamba amerudi. Akichagua stoo, nitaandika stoo. Na akiacha, mdogo wangu, nitaandika kwamba ameacha; sitakuandikia kwamba amepumzika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Bi Koma.